Ninunue TIG gani kwa karakana yangu ya Kizota?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Kizota hapa Dodoma, siku zote nachomelea mageti na grili kwa mashine ya fimbo. Sasa hivi wateja wanataka handreli za stenlesi kwenye ngazi, na kuna mzee mmoja wa zabibu kule Hombolo ananiuliza kama naweza kumtengenezea tanki la mvinyo la lita 500. Mdogo wangu naye ni fundi pikipiki, anataka tuwe tunaziba makava ya injini ya alminiamu. Nimeona mashine mbili, moja tatu kwa moja ya ampia 250 bei chee, nyingine TIG ya AC na DC ampia 200, bei yake imenitisha. Umeme wangu ni fezi moja wa kawaida. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, kutoka kwenye grili kwenda kwenye stenlesi kuna hela. Nianze na jibu lenyewe maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnakimbilia dukani: hiyo tatu kwa moja achana nayo, hiyo AC/DC nayo usiiharakie, kwa kazi ulizotaja mimi ningetafuta TIG (ile inayochomelea kwa sindano ya tangsteni huku gesi ikikinga mshono) ya DC peke yake, yaani umeme unaokwenda upande mmoja, ampia 200, inayowasha kwa HF (cheche isiyohitaji kugusa, nitaieleza) na yenye palsi, yaani moto unaopanda na kushuka wenyewe, alafu hela itakayobaki ningeiweka kwenye gesi na vikorokoro vyake. Sasa kaa nikueleze kwa nini.

Gesi kwanza. Watu wananunua mashine alafu ndio wanaanza kuulizia gesi, mashine inakaa kwenye boksi mpaka inashika vumbi. TIG bila agoni, hiyo gesi inayokinga mshono na hewa, ni mzigo tu. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi nenda kwa wauza gesi za viwandani uliza vizuri: wanakujazia mtungi wako au wanakubadilishia, ukiisha unakaa siku ngapi mpaka upate mwingine, maana kama mtungi lazima uende Dar na lori urudi basi wiki yako imeshaenda na mteja anapiga simu kila asubuhi. Na uliza usafi wake. Unataka agoni tupu, imeandikwa 99.99 au 99.995. Usikubali ile iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, ile ni ya MIG, mashine inayolisha waya yenyewe, ukiipitisha kwenye TIG tangsteni inaliwa ukiiangalia na mshono unatoka mweusi una matundu. Muuzaji atakwambia zote si gesi za kuchomelea tu, mwambie asante, ondoka.

Ukubwa wa mtungi ni hesabu nyepesi. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa presha ya ba 150 una gesi kama lita 1,500. Kazi za stenlesi nyembamba zinatumia kama lita 8 kwa dakika, kwahiyo unapata kama masaa matatu ya gesi kutoka, na gesi inatoka hata sekunde za mwanzo na mwisho ambazo moto hauwaki. Mtungi mkubwa wa lita 50 wa ba 200 una lita 10,000, hayo ni masaa 20 hivi. Kwa handreli mdogo unatosha kuanzia. Kwa tanki mdogo utakuaibisha kazi ikiwa nusu.

Sasa AC na DC, hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Chuma cha kawaida na stenlesi zote zinachomelewa kwa DC, tochi ikiwa kwenye hasi. AC kazi yake hasa ni alminiamu. Sababu ni kwamba alminiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi ila ule utando wa oksaidi juu yake unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, kwahiyo ukiipiga kwa DC ya kawaida ndani panakuwa uji wakati juu bado ngozi imegoma, unaona sehemu inavimba kama mfuko wa maji alafu inadondoka yote kwa pamoja. AC inageuka geuka, nusu moja inauvunja ule utando, nusu nyingine inapeleka joto. Ndio maana mashine ya AC ina sakiti za ziada ndani na ndio maana bei yake inakutisha, mara nyingi karibu mara mbili ya ile ya DC yenye ampia zile zile.

Kwahiyo swali linarudi kwa mdogo wako na pikipiki zake. Makava mangapi kwa mwezi? Simaanishi mnayotarajia, namaanisha wateja waliokuja wakaondoka kwa sababu hamkuwa na AC. Kama ni kava moja moja basi yapeleke kwa mwenye AC mlipane, wewe fanya stenlesi, ikishakulipa rudi dukani. Alafu makava yale ya kumwagwa kwenye kalibu yamelowa oili miaka, hata ukiyaosha, joto likiingia oili inatoka ndani ya vitundu na mshono unachafuka, sio kazi ya kujifunzia alminiamu. Ila kama kweli pikipiki zinapanga foleni, hapo sawa, chukua AC/DC, na hakikisha ina sehemu ya kurekebisha balansi (mgao kati ya nusu ya kuvunja utando na nusu ya joto) na frikwensi (kasi ya kugeuka geuka). Za bei ya chini kabisa zinakuwa zimefungwa sehemu moja hazirekebishiki, hiyo usichukue.

Hiyo tatu kwa moja. Najua inavutia, MIG, TIG na fimbo kwenye boksi moja na namba kubwa ya 250 mbele. Ila geuza uangalie upande wa TIG umeandikwa nini. Nyingi ni DC tu, zinawasha kwa kugusa alafu kunyanyua, na hazina vali ya gesi ndani, maana yake unahitaji tochi yenye koki ya gesi ya kufungua kwa mkono, unafungua mwenyewe unafunga mwenyewe. Kuzima moto unavuta tochi mbali, na ukivuta tochi na gesi inaondoka nayo, mwisho wa mshono unabaki na kishimo kimeungua na mara nyingi kinapasuka. Kwenye geti la chuma utakipiga grainda kiishe. Kwenye handreli ya stenlesi inayong'aa kama ilivyo, mteja anakiona kutoka mlangoni. Kama ungekuwa unatafuta MIG ningekwambia mengine, ila hukuniuliza MIG.

HF ni ile cheche ya umeme wa juu inayoruka kutoka kwenye tangsteni kwenda kwenye chuma bila kugusana. Unaweka ncha milimita mbili tatu juu ya kazi, unabonyeza, moto umewaka. Ya kugusa nayo inafanya kazi, sisemi haifai, mabomba mengi tu yamechomelewa hivyo, ila kwenye paipu ya milimita 1.2 unayoshikiza vipointi ishirini, kila ukigusa una nafasi ya kuacha kipande cha tangsteni kwenye kazi au kuchafua ncha ukaanza kunoa upya. Tahadhari moja, simu na laptop weka mbali na kebo, HF inasumbua vifaa vya elektroniki.

Tuje kwenye namba za mbele, hapa ndipo watu wanapigwa mchana kweupe. Namba kubwa iliyopakwa rangi usiisome kabisa. Geuza mashine tafuta kibati kidogo cha rangi ya fedha nyuma au pembeni, kina jedwali. Tafuta mstari wa TIG, sio wa MMA ambao ni wa fimbo. Kuna herufi X ina asilimia chini yake, na I2 ina ampia. X 35% na I2 200 maana yake ndani ya dakika 10 unachomelea kwa ampia 200 dakika tatu na nusu, zilizobaki inapumzika. Mashine hiyo hiyo ukitaka iende bila kupumzika itakuwa kama ampia 118, na kwenye asilimia 60 kama 153. Kibati kikikosa hizo asilimia, au kikisema 250 kwa asilimia 100 na mashine unaibeba kwa kidole kimoja, jua unadanganywa. Ujue pia vipimo hivyo vinafanywa kwa hewa ya nyuzi 40 na kwenye mwinuko usiozidi mita 1,000, sisi Dodoma tuko juu kidogo ya hapo, hewa ni nyepesi kidogo, feni inapoza pungufu kidogo. Sio kitu cha kukunyima usingizi. Vumbi ndio adui wako hapa, tena lile vumbi la chuma la grainda, feni inalivuta ndani linakaa kwenye bodi alafu siku moja paa! Mashine ikae mbali na anayesaga, na kila baada ya muda ifungue uipulize kwa kompresa kwa upole ikiwa imechomolewa.

Ampia ngapi zinakutosha? Kwa chuma piga hesabu ya ampia 30 mpaka 40 kwa kila milimita ya unene. Handreli ya milimita 1.5 ni 45 mpaka 60. Tanki la bati la milimita 2 ni 60 mpaka 80. Chuma cha milimita 3 ni 90 mpaka 120. Unaona mwenyewe 200 ni nyingi kwa stenlesi yako yote, faida yake ni kwamba mashine haitoki jasho. Kitu ambacho wengi hawaulizi ni ampia ya chini kabisa. Uliza inashuka mpaka ngapi, 5 au 10 ni nzuri, ikianzia 20 au 30 vitu vyembamba utavitoboa kila ukiwasha.

Umeme usikutishe. TIG inakula kidogo kuliko fimbo kwa ampia zile zile kwa sababu volti ya moto wake iko chini. Fimbo ya ampia 120 ni kama kilowati 3 pale kwenye moto, TIG ya ampia 80 ni kilowati moja na kidogo, weka na hasara ya mashine yenyewe bado unit za Luku hutazilalamikia kama unavyofikiria. Kinachoua ni ekstensheni. Waya wa milimita 1.5 za mraba wa mita 30 ukivuta ampia 25 unapoteza kama volti 18 njiani, sasa kama TANESCO jioni imeshuka mpaka 200 mashine inapata 182 na inazima au inagoma kuwasha HF, fundi anasema mashine mbovu. Tumia waya wa milimita 4 za mraba, mfupi kadri uwezavyo, na usiuache umejiviringisha kwenye kibao chake wakati unafanya kazi, unapata moto. Kwa jenereta chukua ya kVA 6 kwenda juu yenye AVR (kifaa cha kutuliza volti), na washa jenereta kwanza ikae sawa ndio uchomeke mashine.

Tochi inayokuja na mashine nyingi ni namba 26 au 17. Ya 17 ni nyepesi, inabeba kama ampia 150, kwa handreli na tanki hiyo ndio tamu, mkono hauchoki. Ya 26 inabeba 200 ila nzito. Angalia na urefu wa kebo, mita 4 ni kero kwenye ngazi ya ghorofa. Kichwa chenye shingo inayokunjika ni kizuri. Nunua na lenzi ya gesi, kile kipande chenye kichujio ndani ya nozo, gesi inatoka imetulia na stenlesi inabaki rangi ya dhahabu badala ya kijivu. Tangsteni chukua ya milimita 1.6 na 2.4, rangi ya dhahabu au bluu, ile nyekundu ina thoriamu ambayo ina mionzi kidogo na vumbi lake unalivuta wakati wa kunoa, sina haja nayo siku hizi. Unanoa kwa urefu, mistari ielekee kwenye ncha, na kinoleo hicho usisagie kitu kingine.

Alafu upepo. Wewe uko Dodoma, mwezi wa saba na wa nane unajua mwenyewe, na karakana zetu nyingi ni bati juu na nguzo nne. Mashine ya fimbo haijali, inabeba kinga yake kwenye ganda. Agoni upepo wa kuyumbisha majani tu unaipeperusha, unaona mshono unafanya vitundu unaongeza gesi, unafika lita 15, 20, na hiyo nayo inaleta mzunguko unaovuta hewa ndani, mambo yanazidi kuharibika na mtungi unaisha. Jenga kona. Kuta tatu, hata za mabati chakavu au turubai zito lisiloshika moto upesi, juu wazi moshi utoke. Hiyo kona weka kwenye bajeti ya mashine kabisa. Na kona hiyo iwe ya stenlesi tu, brashi yake ya waya wa stenlesi, diski zake za grainda ambazo hazijawahi kugusa geti, kwa sababu chembe za chuma cha kawaida zikiingia kwenye stenlesi baada ya mvua mbili unaona madoa ya kutu na mteja anasema umemuuzia feki.

Sasa tanki la mzee wa Hombolo, hapa nisikilize vizuri. Mshono wa tanki la mvinyo una pande mbili na ule wa ndani ndio unaohusika zaidi. Ukichomelea nje bila kuweka agoni upande wa nyuma, ndani kunatoka vipele vyeusi vyenye mashimo, na kwenye mashimo yale masalia yanajificha hayaoshiki, mvinyo unaharibika. Inabidi uzibe nyuma ya mshono kwa karatasi ya foili na tepu ya joto au kwenye kipande cha flati baa ya shaba chenye mfereji, upitishe agoni taratibu mpaka hewa itoke ndio uanze. Hiyo ndio inayomaliza mtungi. Bati ni stenlesi ya daraja la 304 kwa mwili, waya wake ni 308L. Ila mvinyo unawekwa salfa dayoksaidi, na ule mvuke unakusanyika juu pasipo na mvinyo unaila 304 taratibu, watengenezaji wengi wa matanki wanaweka 316 sehemu ya juu, hiyo unachomelea kwa 316L. Muulize mzee kama analijua hilo kabla hujampa bei, maana 316 sio bei ya 304. Na ukimaliza mshono unasafishwa kwa dawa yake ya asidi ya stenlesi, ile rangi ya joto isibaki ndani.

Kingine kuhusu tanki na hiki sio utani: agoni ni nzito kuliko hewa, haina harufu, haina rangi, inakaa chini ya tanki inakusubiri. Ukiingiza kichwa na mabega kuangalia mshono wa chini unaweza kuzimia bila kusikia dalili yoyote, na anayekuja kukuvuta naye anaanguka. Puliza hewa kwanza kwa feni, muda wa kutosha, na usiwe peke yako. Kusafisha mafuta tumia asitoni, iachie ikauke, usitumie zile spirei za kusafishia breki zenye klorini, moto wa TIG unazigeuza kuwa gesi ya sumu kali.

Vingine haraka haraka. Barakoa ya kujizima chukua yenye sensa nne, zile za sensa mbili kwenye ampia 20 au 30 zinachanganyikiwa zinafunguka katikati ya kazi, macho yanakuwa na mchanga usiku kucha. Glovu za ngozi laini, sio zile za kuchomelea mageti, hutausikia waya. Pedeli ya mguu ni nzuri mezani ila kwenye ngazi haina pa kukaa, kwahiyo anza na swichi ya tochi yenye mtindo wa 4T ambao unabonyeza unaachia, na hakikisha mashine ina kushusha moto taratibu mwishoni na gesi ya baada ya kuzima, weka kama sekunde moja kwa kila ampia 10. Mageti yako ya kila siku endelea na fimbo, mashine nyingi za TIG nazo zinachomea fimbo, TIG haitaki kutu wala rangi wala bati la zinki, ukiipeleka kule unapoteza muda na gesi.

Siku ya kununua, kama ni Gerezani kule Dar basi siku hizi treni ya SGR inakupeleka na kukurudisha siku hiyo hiyo, usikubali kuoneshwa mashine imewashwa taa tu. Beba vipande viwili vya paipu ya stenlesi ya milimita 1.2 na tangsteni yako umeshainoa. Dai mtungi uunganishwe. Weka ampia 15 ubonyeze, HF iwashe mara kumi mfululizo bila kugoma. Sikiliza vali ya gesi inapiga tik kabla moto haujawaka na gesi inaendelea baada ya kuzima. Panda mpaka 120 uchomelee kwa dakika tatu, gusa soketi ya kebo kwa nyuma ya mkono, joto kidogo sawa, ikikuunguza iache. Uliza bodi na swichi ya tochi ikifa anauza nani, na plagi ya tochi ina pini ngapi maana hazifanani. Muuzaji akisema gesi imeisha leo njoo kesho, panda treni na hela yako mfukoni.